Brauza inajifunga yenyewe na unahisi kuna vairasi: usafishe, uriseti, upige Windows upya au umpe fundi?

Juzi kati dada yangu anayekaa Tabata kanipigia saa tatu usiku, sauti imeshachoka kabisa, anasema kaka hii kompyuta kila nikifungua Chrome inajifunga, nikifungua tena inaniletea matangazo ya kubeti na maandishi mekundu eti una vairasi watano, sasa nifanyeje maana kila mtu hapa ana lake. Na kweli kila mtu alikuwa na lake. Shemeji anasema ipigwe Windows upya tu yaishe, mtoto wao wa form three anasema adaunlodi antivairasi ya bure, jirani ana fundi wake Kariakoo, na kazini kwake kuna kijana kamwambia bonyeza riseti itarudi kama mpya. Njia nne, yeye yuko katikati, na humo ndani kuna picha za msiba wa mzee wetu za 2019 ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote.

Naandika hii kwa mtu aliyekwama kama alivyokwama yeye. Zote nne ni njia za kweli, mafundi wazuri wanazitumia zote, ila kila moja ina hali inayoifaa, na ukichagua kwa haraka unaweza kufuta kitu ambacho hakirudi au ukabaki na mdudu ndani huku umeshalipa hela. Nazungumzia kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au 11, iwe ya mezani au laptopu, maana ndo zilizojaa majumbani kwetu na nyingi ni za mtumba.

Kabla hujachagua, jua unaumwa nini

Brauza kukreshi ni ugonjwa mmoja na vairasi ni ugonjwa mwingine. Vinaweza kuja pamoja, vinaweza kuja kila kimoja kivyake, na watu wengi wanatibu kimoja wakidhani wametibu vyote. Kwa hiyo tenga nusu saa tu upime.

Fungua Chrome kwenye dirisha la siri, lile la incognito, kwa kubonyeza Ctrl na Shift na N. Humo ekstensheni, yaani vile viprogramu vya nyongeza vya brauza, zinakuwa zimezimwa isipokuwa kama wewe mwenyewe uliziruhusu. Ikitulia humo na nje inakreshi, basi mshukiwa wa kwanza ni ekstensheni, ingia chrome://extensions uzime zote halafu washa mojamoja mpaka umkamate. Yale maandishi mekundu yanayotokea pembeni chini kulia eti kompyuta yako imeambukizwa, mara nyingi sio vairasi hata kidogo, ni saiti fulani mtu alibonyeza "ruhusu" siku moja wakati anatafuta muvi, sasa inamtumia notifikesheni kila saa. Nenda kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya ruhusa za saiti, kwenye notifikesheni, toa zote usizozijua. Yanakata hapohapo.

Halafu jaribu brauza nyingine, Edge ipo tayari kwenye Windows. Chrome tu ndo inakufa, tatizo lipo kwenye Chrome. Zikifa zote mbili, na Word nayo inajifunga, na siku nyingine mashine inaleta skrini ya bluu, hapo shuku ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au diski kabla hujamshuku mdudu yeyote. Chrome ikikuandikia STATUS_ACCESS_VIOLATION kwenye saiti tofautitofauti bila mpangilio, ramu mbovu ni moja ya sababu zinazojulikana. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, itazima na kuwaka na kupima ramu yenyewe bila kutumia hata MB moja.

Angalia pia kama kuna antivairasi mbili. Zinagombana, na nyingine zinajipenyeza ndani ya brauza na kuiangusha, unatoa moja unakuta kompyuta imepona. Na kama bado upo Windows 7 jua kwamba Chrome iliacha kuihudumia tangu Februari 2023, toleo la 109 ndo la mwisho, kwa hiyo saiti nyingi kukataa kufunguka vizuri sio lazima awe mdudu.

Dalili za mdudu mwenyewe ni hizi: ukurasa wa kuanzia umebadilika na ukiurudisha unabadilika tena, ukitafuta kitu Google unapelekwa kwenye saiti ya kutafutia usiyoijua, Chrome inaandika kwamba inasimamiwa na taasisi yako wakati hiyo ni kompyuta ya sebuleni, Windows Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imezimwa na haikubali kuwashwa, watu wanapokea ujumbe kutoka akaunti yako ambao hukuutuma, au ukichomeka flashi mafolda yote yanageuka shotkati. Moja tu kati ya hizi haitoshi kukuhukumu, mbili au tatu kwa pamoja ujue una mgeni.

Kwa dada yangu nilikuta vyote viwili. Matangazo yalitoka kwenye ekstensheni ya kudaunlodi video iliyokuwa imejifunga kwa sera, yaani amri ya usimamizi ndani ya Chrome, ili isitoke, na kukreshi kulitokana na kipande kimoja cha ramu kilichokufa. Angepiga Windows upya matangazo yangeondoka na Chrome ingeendelea kujifunga vilevile, angelia mara ya pili.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziangalia njia zote kwa maswali manne yaleyale. La kwanza, vitu vyako vitabaki? Picha, kazi za shule, mahesabu ya biashara. La pili, uhakika, yaani ukimaliza unaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba mdudu katoka. La tatu, bando na hela. La nne, muda na ujuzi, pamoja na umeme, maana kompyuta ya mezani isiyo na UPS umeme ukikatika katikati ya kazi ni habari nyingine. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Kigezo ninachokiweka mbele mimi ni uhakika kama kompyuta inagusa hela, na vitu vyako kama haigusi hela. Wengi wanaanza na muda, wanataka iishe leo, na ndo maana wanapoteza picha.

Njia ya kwanza: kusafisha ukiwa ndani ya Windows hiyohiyo

Hapa hufuti kitu, unawinda. Unaanza na orodha ya programu zilizopo, unazipanga kwa tarehe, unatoa zile zilizoingia siku tatizo lilipoanza. Unasafisha ekstensheni. Ukikuta ekstensheni haina kitufe cha kuitoa, fungua chrome://policy uone kama kuna sera imewekwa, kwa mtu wa nyumbani ukurasa ule unatakiwa uwe mtupu. Kisha unaskani kwa Defender iliyomo humohumo ndani ya Windows, skani kamili sio ile ya haraka, na baada ya hapo ile ya "Offline" ambayo inazima mashine na kuskani kabla Windows haijaamka, inachukua kama robo saa, na faida yake mdudu anayejificha Windows ikiwa hai hapo hana pa kujificha. Mwisho unaleta jicho la pili: AdwCleaner ya Malwarebytes kwa vitu vya matangazo, ni ndogo na haihitaji kuinstoliwa, au Malwarebytes yenyewe ya bure, au Microsoft Safety Scanner ambayo inakufa siku 10 baada ya kuidaunlodi kwa hiyo usitumie ile iliyokaa kwenye flashi tangu mwaka jana.

Pitia pia kwenye Task Manager sehemu ya vitu vinavyowaka na Windows, na mipangilio ya proksi, yaani kituo cha katikati ambacho intaneti yako inapitia, kuna wadudu wanaweka proksi yao hapo ili kila unachofungua kipite kwao. Ukimtoa mdudu bila kutoa proksi intaneti inakataa kabisa na mtu anadhani ameharibu.

Vitu vyako vinabaki vyote, hapa njia hii inazishinda zote. Hata hivyo nakili picha na mafaili ya muhimu kwenye diski ya nje kabla hujaanza. Bando ni dogo, hela hakuna. Muda ni mrefu kuliko watu wanavyodhani, kama una hadidiski ya kizamani na sio SSD skani kamili inaweza kula masaa kadhaa, iache usiku. Ujuzi ni wa kawaida, mtoto wa sekondari mwenye subira anaweza, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika, unaanza tena skani.

Uhakika ndo udhaifu wake. Unauliza mashine inayoumwa ikwambie kama imepona. Kwa vitu vya matangazo na ekstensheni inatosha kabisa, mi mwenyewe nalala vizuri. Kwa mdudu wa kuiba paswadi au anayempa mtu mlango wa kuingia kwa mbali, skani tatu zikisema safi bado nisingeingia benki kwenye hiyo kompyuta.

Inamfaa mtu ambaye tatizo ni matangazo, ukurasa kubadilika na ekstensheni, ana vitu ndani ambavyo havina nakala, na kompyuta haitumiki kwa hela.

Njia ya pili: kuriseti

Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa "Reset this PC" ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya Recovery. Kinakuuliza ubakize mafaili au ufute kila kitu, halafu kinakuuliza Windows mpya aitoe wapi, kwenye mashine yenyewe au aidaunlodi kutoka Microsoft.

Ukichagua kubakiza mafaili, vitu vilivyo kwenye mafolda yako ya kawaida vinabaki, picha, nyaraka, desktop. Programu zote ulizoinstoli zinaondoka, Office, programu ya printa, VLC, zote, na anakuachia orodha ya alizotoa kwenye desktop. Hapa watu wanalia sana kwa Office ambayo hawajui leseni yake ilitoka wapi, kwa hiyo jua hilo kabla. Na vile vitu mtu alivyohifadhi nje ya mafolda ya kawaida, mfano folda aliyoitengeneza moja kwa moja kwenye C, usivitegemee, vinakili kwanza.

Kwenye bando, ukichagua ya kudaunlodi andaa zaidi ya GB 4. Ya ndani haitumii bando ila inatumia mafaili yaleyale ya Windows yaliyopo, yakiwa yameharibika inaweza kugoma katikati na kurudi ulipokuwa. Kama bando lipo mi nachagua ya kudaunlodi. Muda ni saa moja mpaka mbili tatu kwa mashine nzito, na hapa umeme ni jambo kubwa, kuzimika katikati ya riseti kunaweza kuacha kompyuta isiyowaka. Laptopu iwe kwenye chaji na betri ijae, ya mezani fanya muda ambao kwenu umeme huwa umetulia au omba UPS ya jirani. Ujuzi unaohitajika ni mdogo kuliko njia zote, ni kusoma na kubonyeza.

Uhakika uko katikati. Windows inakuwa mpya, ekstensheni zinaondoka, vitu vinavyowaka vyenyewe vinaondoka. Ila faili lililoleta ugonjwa kama limekaa kwenye Downloads na umebakiza mafaili, limebaki pale linamsubiri mtoto alibonyeze tena. Na kuna mtego mmoja ambao umewasumbua watu wengi sana: Chrome ukiingia na akaunti yako ya Google inarudisha ekstensheni zako zote kutoka kwenye akaunti, mpaka ile mbaya. Unariseti kompyuta nzima, unaingia akaunti, dakika tano matangazo yamerudi, unadhani mdudu hafi. Kumbe umemrudisha mwenyewe. Toa ile ekstensheni ukiwa umeingia kwenye akaunti kabla hujariseti, au ukiingia upya zima kwanza usawazishaji wa ekstensheni.

Inamfaa mtu ambaye amesafisha na tatizo likarudi, hana kompyuta ya pili wala flashi ya kutengenezea Windows, na yuko tayari kuinstoli programu zake upya.

Njia ya tatu: kupiga Windows upya kwa flashi

Hii ndo shemeji alikuwa anaisema. Unachukua flashi ya GB 8 au zaidi, unaenda kwenye kompyuta nyingine ambayo ni safi, unadaunlodi kifaa cha Microsoft cha kutengenezea Windows, kinaiandaa flashi, unarudi unawasha mashine yako kupitia flashi, unafuta mapatisheni yote ya diski ile, unaweka Windows mpya. Flashi itafutwa yote kwa hiyo isiwe ile yenye vitu.

Uhakika hapa ni mkubwa kuliko zote. Huulizi mashine inayoumwa chochote, unaijenga upya kutoka chanzo kinachoaminika. Wadudu wa kukaa mpaka kwenye BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayowasha mashine, wapo lakini kwa kompyuta ya sebuleni ni nadra, usikose usingizi.

Vitu vyako vinaondoka vyote, kwa hiyo kazi yote ya njia hii ipo kwenye bakapu. Nakili picha, nyaraka, video, mahesabu. Usinakili programu, usinakili kraki (programu za kulipia zilizovunjwa leseni), usinakili mafaili yanayoishia na exe, scr au bat. Kwanza washa Windows ionyeshe mikia ya majina ya mafaili, maana picha inayoitwa harusi.jpg inaweza kuwa harusi.jpg.exe na Windows kwa kawaida inaficha ule mkia wa mwisho. Kama unaogopa kuchomeka diski ya nje kwenye mashine yenye mdudu, na una haki ya kuogopa, weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi nyingine, faili lake ni karibu GB 3, unawasha mashine kwa hiyo Linux bila kuinstoli, unafungua diski na kunakili picha zako huku Windows imelala. Kwa picha za msiba wa mzee ndivyo nilivyofanya na nilinakili sehemu mbili. Laptopu za Windows 11 nyingi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, tafuta kwanza ufunguo wa kuifungulia kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Bando ni kubwa, Windows yenyewe ni GB kadhaa na masasisho yanafuata. Hela ni flashi tu kama huna. Leseni sio ya kununua upya, kompyuta iliyokuwa na Windows halali inajitambua ikiingia mtandaoni, ruka sehemu ya kuandika ufunguo na uchague toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Muda ni nusu siku pamoja na programu na draiva, vile viprogramu vinavyoendesha vifaa vya mashine. Daunlodi draiva ya waifai ya modeli yako mapema uiweke kwenye flashi, ni kero sana kumaliza Windows halafu mashine haioni mtandao wa kutafutia draiva ya mtandao.

Kuna jambo la umri wa mashine hapa. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama kwa watu wa majumbani unaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo zile HP na Dell za mtumba za kizazi cha nne na cha sita haziingii kwenye orodha. Kama ndo unapiga upya na mashine yako ni ya hivyo, na kazi yenu ni brauza, barua na muvi, basi ifikirie Linux Mint kama makazi ya kudumu, brauza zote kubwa zipo na mashine ya zamani inakimbia vizuri. Kama kuna mtu anatumia programu ya mahesabu ya Windows tu, hapo haifai.

Inamfaa mtu ambaye kompyuta yake inaingia benki, inatumika kwa biashara au ofisi, au aliyefungua kraki au kiambatisho na baada ya hapo akaunti zake zikaanza kufanya vitu vya ajabu.

Njia ya nne: kumpelekea fundi

Kwa Dar watu wanaenda Kariakoo, kwa Nairobi wanaenda Luthuli Avenue, na kila mtaa una kijana wake wa steshenari anayejua. Fundi ana vitu ambavyo wewe huna: ana ramu nyingine ya kujaribishia, ana waya wa kuchomoa diski yako na kuichomeka kwenye mashine yake ili aiskani ikiwa imelala, ana flashi za Windows tayari. Kwa tatizo la vifaa, ramu, diski inayokufa, feni imejaa vumbi mashine inazidi moto, fundi ndo njia fupi na ya haki kabisa, usihangaike na antivairasi.

Vitu vyako vinategemea mlivyoongea. Nikiwa chuo nilimpa fundi mmoja laptopu yangu nikamwambia tu "ina vairasi," nikarudi jioni imepona kweli, safi, na projekti yangu ya mwaka wa mwisho haipo. Hakuniuliza na mi sikumwambia. Tangu hapo sipeleki mashine bila kunakili vitu kwanza, na kama haiwaki kabisa namwambia kwa maneno kamili, na tunaandika kwenye karatasi, usifute chochote mpaka unipigie.

Uhakika nao unategemea anatumia nini. Muulize Windows anaitoa wapi na anaiaktiveti kwa kutumia nini. Akisema ana kifaa chake cha kuaktiveti bila leseni kama KMSPico, mwambie ahsante usiweke. Vifaa hivyo vinataka uzime antivairasi ili vifanye kazi, na wahalifu wanajua hilo, mwishoni mwa 2021 watafiti wa usalama walionyesha KMSPico za bandia zikisambaza CryptBot, mdudu wa kuiba paswadi na pochi za sarafu za mtandaoni. Unatoka na Windows inayoonekana mpya yenye mwizi tayari ndani. Wapo mafundi wengi waaminifu wanaotumia leseni ya mashine yako mwenyewe, na ukiuliza vizuri watakujibu vizuri bila kukasirika.

Bando ni lake, hela mnapatana, uliza bei ya kupima tofauti na bei ya kutengeneza. Muda wako ni wa kwenda na kurudi, ila mi nashauri ukae naye pale kama inawezekana. Na kuna faragha. Kabla hujaiacha, ondoka kwenye barua pepe na WhatsApp ya kwenye kompyuta, na futa paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza baada ya kuziandika sehemu salama.

Inamfaa mtu asiye na kompyuta ya pili, mwenye dalili za vifaa, au ambaye kwa kweli hana muda na anaogopa kuharibu.

Hili linahusu njia zote nne

Wadudu wa siku hizi wengi hawaji kuharibu kompyuta, wanakuja kuchukua paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza na vile vidakuzi vinavyokufanya usiulizwe paswadi kila siku. Mwenye vidakuzi vyako anaingia kwenye akaunti yako bila paswadi. Kwa hiyo ukishuku mdudu, kabla ya njia yoyote chukua simu ambayo ni safi, badilisha paswadi ya barua pepe kwanza, kisha benki, kisha mitandao, na kwenye kila akaunti tafuta sehemu ya vifaa vilivyoingia uvitoe vyote. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Usibadilishe kwenye kompyuta ileile inayoumwa, utakuwa unampa mwizi paswadi mpya. Ukishasafisha au kupiga upya, zile paswadi za simu ndo unaziingiza huku.

Sasa kwa hali yako

Kama ni maandishi mekundu ya pembeni tu na kila kitu kingine kinaenda, huhitaji hata njia moja, toa ruhusa za notifikesheni ulale.

Kama watoto waliweka gemu au ekstensheni na sasa kuna matangazo na kurasa zinajifungua, anza na kusafisha. Ikirudi ndani ya wiki, riseti, na ukumbuke ule mtego wa akaunti ya Chrome. Ukimaliza watengenezee watoto akaunti yao ya Windows isiyo na mamlaka ya kuinstoli, inazuia mengi.

Kama bando limekaza na huna flashi, safisha kwa Defender iliyopo, ikishindikana riseti ya ndani ukibakiza mafaili, baada ya kunakili picha japo kwenye simu.

Kama kompyuta hiyo ndo unaingilia benki, unatuma ankara za wateja, unawasilisha hesabu za kodi, na una dalili hata mbili za mdudu, piga upya kwa flashi. Najua ni kazi, najua nusu siku inaenda, lakini hapa nusu siku ni ndogo.

Kama inakreshi kila kitu na skani zinasema safi, pima ramu, na kama huwezi kufungua mashine mpelekee fundi ukamwambie ni ramu au diski unashuku, usimwambie ina vairasi maana atapiga Windows na utarudi naye tena wiki ijayo.

Kama mafaili yako yamebadilika majina, yana mkia wa ajabu na kuna faili la maandishi linadai hela, usisafishe, usiriseti, usipige upya. Zima intaneti, hifadhi ile diski kama ilivyo au inakili yote kwanza, halafu tumia kompyuta nyingine uingie saiti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na makampuni ya usalama, unapakia mfano wa mafaili yaliyofungwa wanakwambia ni aina gani na kama ufunguo wake umeshapatikana. Kwa mfano aina ya STOP Djvu, ambayo ilisambaa sana kupitia kraki, ina kifungulio cha Emsisoft tangu Oktoba 2019 kinachofungua baadhi ya mafaili, sio yote. Hata kama leo haupo, funguo zinapatikana baadaye, na diski iliyohifadhiwa inaweza kusubiri kwenye droo.

Na kama upo kama dada yangu, una vyote viwili, mdudu na ramu, na picha ambazo hazina pacha: nakili kwanza kwa Linux ya flashi, toa kipande cha ramu kilichokufa, halafu ndo uchague. Yeye tulisafisha tu, maana benki anaingia kwa simu na kompyuta ni ya kazi za shule na muvi. Diski ya nje yenye picha za mzee ipo kwa mama, na nakala nyingine ninayo mimi.